Ombi la Kurudishiwa Kompyuta Inayosumbua

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Vizazi na Vifo,

Salamu zangu ni nzima, ila mimi mwenyewe si mzima. Nakuandikia kwa heshima zote, mimi karani wako wa dirisha la pili, kulalamikia kitendo cha binti fundi uliyemleta Jumatatu. Aliuondoa mfumo tuliouzoea kwenye kompyuta yangu akaweka mwingine anaouita "mfumo huria". Ati haununuliwi, na waliouunda wameuacha wazi, atakaye auchungulie, auchukue, aurekebishe. Nilidhani ni utani.

1. Kompyuta inawaka. Ile ya zamani nilikuwa naiwasha, nanawa uso, nakunywa chai vikombe viwili, nasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, ndipo inaniuliza neno la siri. Hii ya sasa, sijavuta hata kiti, tayari inanikodolea macho. Haraka haraka haina baraka, Mkuu, hayo hata mtoto anayajua.

2. Nimenyang'anywa kauli yangu. Kwa miaka kumi na mmoja nimewahudumia wananchi kwa maneno manne: "Mfumo unasumbua, njoo kesho." Niliyasema kwa upole na walinielewa. Jumanne nikamwambia hivyo mama mmoja, akachungulia kioo, akasema mbona inawaka. Ikabidi nimpe cheti.

3. Benchi la nje liko tupu. Pale fundi cherehani na muuza viatu walijuana wakisubiri vyeti, wakachumbiana, wakaoana, wakarudi kusubiri cha mtoto. Leo mtu anaingia saa mbili, saa mbili na robo keshaondoka. Ndoa zitatoka wapi? Bila ndoa hakuna vizazi, na bila vizazi ofisi hii itabaki na vifo peke yake.

4. Hili ndilo linaloniuma, na nakuomba lisitoke nje ya ofisi yako. Mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa binti yangu, ana mwaka na miezi miwili na hana cheti. Maombi yake yamo humuhumu kwenye kompyuta. Nyumbani nimekuwa nikisema mfumo unasumbua. Ukweli ni kwamba baba mkwe wa binti yangu, mzee mwenye kujisikia, ametangaza kwenye kila harusi na kila msiba kwamba mjukuu amechukua jina lake. Jina lile! Halina hata irabu za kutosha. Sisi tunamwita Bonge, na yatosha. Sasa binti yangu kasikia mambo yamenyooka, na kesho asubuhi anakuja dirishani kwangu. Nikimpa cheti, jina la yule mzee nitaligonga muhuri kwa mkono wangu mwenyewe. Nisipompa, atajua baba yake ni mwongo. Kompyuta imepewa uhuru, mimi nimefungwa.

5. Rahisi ghali. Hili sina maelezo zaidi.

Kwa hiyo naomba, kabla ya kesho saa mbili, fundi aurudishe mfumo wa zamani pamoja na virusi vyake vyote, hasa kile kilichokuwa kinaleta picha za viatu kila nikigusa kitufe. Akiwa navyo vingine viwili, aongeze. Ikishindikana, nikatiwe umeme, dirisha la pili tu.

Nisalimie mama na watoto, mlinzi wa getini, na huyo binti fundi pia. Sina kinyongo naye. Kazi anaijua, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Ni mimi, mtiifu wako hadi hapa tulipofika,
Karani wa dirisha la pili

N.B. Mkuu, kumekucha kabla sijakuletea barua hii. Binti yangu alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nikayafungua maombi yake, yakafunguka palepale, sikupata hata nafasi ya kukohoa. Penye jina la mtoto nimekuta langu mimi, herufi kwa herufi. Aliliandika wiki aliyojifungua, na muda wote huo sikuwahi kufungua nikasoma. Nimelia mbele ya wananchi, nakiri. Nimechapa nakala sita, na moja nampelekea yule mzee mwenzangu kwa mkono wangu. Tafadhali, mtu asiiguse kompyuta yangu.