Cheti cha Baridi

Asubuhi ya Jumatatu mlinzi wa ofisi ya viza alitoka na karatasi, gundi na sura ya mtu asiyetaka kuulizwa, akabandika tangazo mlangoni. Lilikuwa na maneno machache: masharti ya viza za kazi yamebadilika, maelezo yako kwenye tovuti. Foleni nzima ikaguna. Watu arobaini wakatoa simu kwa mpigo, wakaifungua hiyo tovuti, nayo ikazunguka, ikazunguka, ikanyamaza.

Upande wa pili wa barabara, kwenye kibanda cha fotokopi, mwanamume mwembamba mwenye suti ya kijivu aliacha kunywa chai. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limelala siku nyingi. Mjini aliitwa Balozi. Hakuwa amepanda ndege hata siku moja, lakini aliweza kukusimulia mkanda wa ndege unavyofungwa mpaka ukauhisi unakubana tumbo.

"Shemeji," alimwambia mwenye kibanda, aliyekuwa mume wa dada yake na aliyemvumilia kwa sababu hiyo tu, "unaona nini pale?"

"Naona watu wenye matatizo."

"Mimi naona watu wenye kiu, na kisima kimefungwa kufuli."

"Na wewe una ufunguo?"

"Sina. Ila nina suti."

Tuseme haki: Balozi hakujizaa, alizaliwa na masharti. Mwaka ule yalikuwa yamebadilika mara nne. Mara picha iwe na nyuma nyeupe, mara nyuma ya kijivu. Mara barua ya mwajiri iwe na umri wa miezi sita, mara isizidi mitatu. Mtu alilala amekamilika, akaamka amepungukiwa. Na pale ambapo ukweli hautulii, uongo uliovaa tai huonekana mtu mzima.

Kabla wiki haijaisha Balozi alikuwa na chumba juu ya saluni ya kike. Kilikuwa na meza, ramani ya dunia, feni iliyotikisa shingo kama anayekataa posa, na droo yenye kufuli. Ufunguo wake ulikaa kwenye mfuko wa koti, na Balozi aliupapasa kila baada ya sentensi mbili. Droo ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi.

"Niachie pasipoti na mkataba wako halisi," alimwambia kila mteja, "nikuingize kwenye mfumo."

Huo mfumo hakuna aliyewahi kuuona. Lakini aliyeshika pasipoti yako ameshika miguu yako. Utarudi tu, na kila ukirudi unakuta sharti jipya limezaliwa alfajiri. Kulikuwa na cheti cha meno. Kulikuwa na cheti cha masikio. Na kulikuwa na kile alichojivunia kuliko vyote, kama mzazi anavyojivunia kitinda mimba wake: cheti cha baridi.

"Kule ni barafu tupu," alieleza. "Walipokea mafundi kumi, tisa wakaomba kurudi kabla ya chakula cha jioni. Serikali ya kule imechoka na hasara."

Basi mteja alipelekwa kwenye bucha iliyokuwa nyuma ya saluni, akavuliwa sweta, akasimama dakika kumi ndani ya chumba cha baridi katikati ya mapaja ya ng'ombe yaliyoning'inia. Mwenye bucha alipata chake kwa kila kichwa. Watu walitoka wakitetemeka na wakitabasamu. Binadamu ana tabia hiyo: akiteswa kidogo, anaamini amepewa kitu cha kweli.

Miongoni mwa waliotabasamu alikuwa Sista, muuguzi wa wodi ya wazee, mjane mwenye binti wawili shuleni na sauti isiyopanda hata jengo likiungua. Alikuwa amepata kazi ng'ambo, kwenye nyumba ya kulea wazee. Mkataba ulisema wazi: maombi ya viza yasipopokelewa hadi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nafasi anapewa mwingine.

Jumatatu ya wiki hiyo ya mwisho alipanda ngazi za saluni akiwa na vyeti vyake vyote, meno, masikio na baridi.

"Sista, Sista!" Balozi alipiga meza kwa majonzi. "Huna bahati tu, dada yangu. Leo saa mbili wameleta kanuni mpya. Magoti."

"Magoti?"

"Magoti. Wazee wa kule wanainuliwa. Lazima magoti yapimwe, yapewe cheti."

"Nimeinua wazee miaka kumi na tisa, Balozi."

"Bila cheti."

"Basi nipe pasipoti yangu nikajaribu mwenyewe."

"Iko kwenye mfumo, dada. Ukiitoa leo unaanza upya. Unataka kuanza upya na Ijumaa inakuchungulia dirishani?"

Sista hakubisha. Aliitazama droo, akaitazama mikono ya Balozi ikipapasa mfuko, akaaga kwa adabu. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna mteja wa Balozi aliyekuwa amelifanya, maana wote waliogopa kuonekana washamba: alivuka barabara, akapanga foleni kwa muda wa saa tatu na nusu, akauliza.

"Pasipoti, mkataba halisi, cheti cha polisi, fomu mpya," alijibu karani wa dirishani bila kuinua uso. "Basi."

"Na cheti cha baridi?"

Karani aliinua uso. Akaomba arudie. Akamwita mwenzake aje asikie, na mwenzake akamwita mkubwa wao. Walipomaliza kufuta machozi ya kicheko wakamwambia aende polisi.

Sista alilifikiria hilo njia nzima. Polisi wangemkamata Balozi, sawa. Na pasipoti wangezichukua ziwe vidhibiti vya kesi, na vidhibiti hurudi mwakani. Ijumaa ni Ijumaa. Wodini alikuwa amejifunza jambo moja: mzee mjuaji humwambii "meza dawa." Unamuuliza, "Hii bila shaka unaifahamu, baba?" Anaifahamu kabla hajaiona, na ili athibitishe, anaimeza.

Alhamisi asubuhi, cheti cha polisi na fomu mpya vikiwa tayari mkobani, akarudi kwa Balozi, akavuta kiti.

"Kaka, nimekuja kukupa hongera."

"Ya nini?"

"Ile kanuni mpya ya mawakala. Si unaijua?"

Hapa, ndugu msomaji, palikuwa na neno moja dogo la kumwokoa Balozi: siijui. Lakini mtu anayeuza masharti kabla hayajazaliwa atalitamkaje?

"Naijua tangu wiki iliyopita," alisema.

"Nilijua tu. Kwamba mtaa mzima atasajiliwa wakala mmoja, naye apewe viza ya kazi bure, akaone wateja wake wanavyoishi kule."

"Viza ya..." Balozi alikaza tai. "Ndiyo. Bure. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ila awe na vyeti vyote anavyowadai wateja."

"Ni haki."

"Na baridi, kwa wakala, ni nusu saa."

"Dakika ishirini na tano," alisema Balozi, kwani hakuweza kuacha kanuni ipite bila kuirekebisha.

"Samahani, wewe ndiye mwenye kujua. Ishirini na tano. Na koti lishikwe na mhudumu wa afya mwenye leseni."

"Bila shaka. Sasa huyo tutampata wapi?"

"Mimi ninayo leseni, kaka. Lakini kama una shughuli tuache tu. Nimesikia wakala wa mtaa wa pili anatetemeka tangu asubuhi."

Balozi alishuka ngazi mbili mbili.

Mwenye bucha alikuwa akimsubiri huku akifuta mikono kwenye aproni. Alipokea koti, akampa Sista, akafungua mlango mzito, na Balozi akaingia kifua mbele kama anayekwenda kuapishwa. Mlango ukafungwa.

"Ishirini na tano," alisema Sista. "Mchungulie kila baada ya dakika tano. Akibadilika rangi mtoe. Sitaki kufiwa."

Mwenye bucha aliitikia kwa kichwa, hakuuliza kitu. Mama yake alikuwa ameishi wiki zake tatu za mwisho kwenye wodi ya Sista, na asubuhi ya mwisho Sista alimsuka nywele ili aondoke akiwa nadhifu. Tangu siku hiyo mwenye bucha alikuwa akitafuta namna ya kushukuru, maneno yakimkwama kila mara. Siku hiyo hayakuhitajika maneno. Ulihitajika mlango.

Mle ndani, dakika tano za kwanza Balozi alijiona akishuka uwanja wa ndege na suti yake ya kijivu. Dakika ya kumi alitunga hotuba ya shukrani. Dakika ya kumi na tano alianza kuyapa mapaja ya ng'ombe majina ya ndugu zake. Dakika ya ishirini aligonga mlango.

"Zi-zimebaki ngapi?"

"Kanuni inakataza kuuliza!" mwenye bucha alijibu.

"Na-najua!"

Alipotolewa alikuwa na midomo ya rangi ya zambarau na cheti chenye muhuri mkononi. Koti lake lilikuwa limetundikwa vizuri kwenye msumari. Ufunguo ulikuwemo, ila mfuko wa kushoto, na Balozi maisha yake yote alitumia wa kulia.

Alipanda ngazi. Droo ilikuwa wazi na safi, imefutwa hata vumbi, kama kitanda cha wodi kinachosubiri mgonjwa mwingine. Pasipoti zote saba na mikataba yake yote, hakuna.

Akakimbia akivuka barabara, meno yakigongana. Kwenye foleni ya viza, ambapo wateja wake sita walikuwa wamemshikia Sista nafasi tangu alfajiri, kila mmoja alikuwa amebana pasipoti yake kifuani kwa mikono miwili. Kupitia kioo akamwona Sista dirishani, na karani akigonga muhuri wa kupokea maombi: pa!

"Afande!" Balozi alimshika mlinzi mkono. "Ni-nimeibiwa! Mwanamke yule pale!"

"Pole sana. Kaiba nini?"

"Pa-pasipoti."

"Yako?"

Balozi alipapasa mfuko wa koti, ule wa kulia.

"Nakuuliza, mzee. Pasipoti ngapi?"

"Sa-saba."

"Mtu mmoja, pasipoti saba." Mlinzi alimtazama kuanzia viatu mpaka kwenye midomo ile ya zambarau, kisha akasoma karatasi iliyokuwa ikitetemeka mkononi mwake. Uso wake ukachangamka. "Ala! Kumbe wa baridi ndiye wewe?"

Akafungua lango dogo la pembeni, akamshika kiwiko kwa upole, kama anavyoshikwa mgeni wa heshima.

"Karibu ndani. Wewe hupangi foleni," alisema. "Wewe unasubiriwa tangu Jumatatu."