Gurudumu la Harlewith

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamka na furaha ya mtu aliyechaguliwa. Na kweli nimechaguliwa: kuanzia leo mimi, Selwyn Pask, muuza mazulia mstaafu, ndiye mlinzi wa kinu cha maji cha Harlewith. Mke wangu Gillian anasema sikuchaguliwa, ila nilisinzia kwenye mkutano na nilipozinduka wote walikuwa wananipigia makofi. Wivu huo.

Kinu chenyewe kizuri ajabu. Kuta nene za mawe, popo darini, gurudumu la mbao refu kuliko nyumba yetu. Tatizo ni moja tu: haji mtu. Mabasi yote ya wageni hupanda moja kwa moja hadi magofu ya abasia, makao ya kale ya watawa, kwa Bi Rosalind Thwaite, ambaye huwatembeza huku kainua mwavuli mwekundu kama jemadari. Kuta tatu zisizo na paa, na kondoo wanaojisaidia pale palipokuwa madhabahu. Wageni wakiziona wanatokwa machozi.

Bwana Ockenden, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, kaniambia bila kuzunguka kwamba wageni wasipokuja kiangazi hiki kinu kitauzwa, kiwe nyumba ya mapumziko ya mtu wa London. Nikamwambia aniachie mimi. Nimeuza mazulia kwa watu waliokuja kuuliza njia.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Rosalind kwa amani kabisa. Nikapendekeza tugawane wageni, asubuhi wake, mchana wangu. Akanimiminia chai, akaniuliza watakuja kutazama nini. Gurudumu, nikasema. Linazunguka? Linaweza kuzunguka, nikasema.

“Selwyn, mpenzi wangu,” akasema, “hilo gurudumu halijazunguka tangu enzi nilipokuwa na kiuno.”

Nilimaliza skonzi zake zote kwa kumkomoa, nikaondoka.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango umekamilika. Siwezi kutulia, nimetia chumvi kwenye chai mara mbili.

Jumamosi linakuja basi la wastaafu kutoka Birmingham. Pale njia panda kuna kibao cha mbao chenye mikono: mmoja unaelekeza abasia, mwingine kijijini. Leo kabla ya kifungua kinywa nimeugeuza ule wa abasia utazame chini, mtoni. Nguzo imeoza, mkono ukaning’okea mzimamzima, nikaupigilia upya kwa kiatu. Aliyeniona ni ng’ombe peke yake.

Gillian aliuliza nilikokuwa. Kuchuma uyoga, nikasema. Akauliza uyoga gani wa Juni. Mwanamke huyu angefaa kuwa polisi.

Jumamosi, 8 Juni

Siku kubwa kuliko zote maishani mwangu, ukiondoa baadhi ya sehemu zake.

Nilisimama mlangoni pa kinu na tai yangu ya harusi. Basi halikuja. Nikangoja. Halafu nikasikia honi, na honi ilitoka upande wa nyumbani kwangu.

Kumbe njia za kuteremka mtoni ni mbili, na kibao changu kilitazama ile nyembamba. Basi lilikuwa limekwama baina ya kuta za mawe, mbele ya geti letu, kama kizibo kwenye chupa. Dereva alikuwa ameketi ngazini akila sandwichi. Alisema kibao kimeandikwa abasia, na yeye habishani na kibao.

Wastaafu walikuwa wameshashuka. Foleni ya choo chetu ilifika kwenye mawaridi. Keki ya limau ambayo Gillian aliipika kwa ajili ya mashindano ya kijiji ilikuwa imebaki sahani. Alikuwa akiwamiminia chai huku anatabasamu, na namjua, lile si tabasamu.

Mara, kule kondeni, mwavuli mwekundu. Rosalind alikuja kwa miguu, hata hahemi. Akawasalimu wageni, akawaongoza nyuma ya bustani yetu, kwenye kidaraja cha mawe ambapo mimi hutupa majani ninapokata nyasi. Akawaambia farasi wa watawa walipita hapo na mizigo ya sufu. Akawaonyesha mawe yalivyolika katikati kwa kwato. Bibi mmoja alipiga magoti akayapapasa, akauliza nani mshenzi aliyetupa takataka hapa.

“Watu wa siku hizi,” akajibu Rosalind, akanitazama.

Nilidhani yameisha. Lakini trekta la kulivuta basi lilikuwa bado mbali, naye akatangaza kwamba wakati wanasubiri, Bwana Pask atatuonyesha kinu chake, tufuate mto tu. Sijui alikuwa ananihurumia au ananichimbia shimo.

Wakajipanga kando ya gurudumu. Nikaupandisha mlango wa mfereji, ule ubao unaozuia maji yasilifikie gurudumu. Hakikutokea kitu. Mzee mmoja akakohoa. Nikavuta tena, kwa mwili wote.

Maji yakaingia. Gurudumu likalia kama mlango wa ghalani, likatetemeka, likamwaga matope na kiota cha ndege. Kisha likazunguka. Polepole, halafu kwa uzito wake wenyewe, hadi sakafu ikatikisika na mawe ya kusagia mle ndani yakaanza kuunguruma. Yule mzee alivua kofia. Rosalind alikuwa ameushusha mwavuli, na macho yake yalikuwa maji matupu. Aliniambia babu yake alikuwa akisaga hapa, na huu ndio mlio aliowasimulia wajukuu wake. Nilimshika mkono.

Niliushika nisianguke, kwa sababu mkono wangu wa pili ulikuwa umebaki na mpini wa ule mlango wa mfereji. Ulikuwa umeng’oka. Mlango haukufungika tena.

Chini ya kinu ni uwanja wa kriketi, na mechi ilikuwa inaendelea. Wachezaji walisimama na nguo zao nyeupe, maji magotini, wakitazama mpira ukielea. Mwamuzi alikataa kutoka uwanjani kwa kuwa kriketi husimamishwa na mvua, na mvua haikuwa imenyesha.

Jumapili, 9 Juni

Kamati ilikutana baada ya ibada. Bwana Ockenden, ambaye ni nahodha wa timu na viatu vyake vilikuwa bado vinatoa maji, alitaka kujua nani aligeuza kibao. Nikageuka kutazama nyuma, kama nami ninamtafuta.

Rosalind akasimama. Alisema ile nguzo imeoza tangu zamani na upepo wa bonde hili haujulikani. Kisha akasema basi zima limeomba kurudi mwezi ujao, na hawakuomba magofu peke yake. Wanataka kuliona gurudumu likizunguka.

Kinu hakiuzwi. Nilitaka kuruka juu ya kiti, Gillian akanishika koti. Nami nimebakizwa mlinzi kwa sharti moja: nisiguse chochote cha chuma, cha mbao wala cha maji.

Nje, Rosalind akanivuta pembeni.

“Nilikuona, Selwyn. Nina darubini ya kutazamia ndege. Ukigusa kibao tena, namwambia Gillian.”

“Ukimwambia nimekwisha.”

“Najua. Ndiyo maana nafurahi.”

Nikaapa mbele yake kwamba nimekoma kabisa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kuutazama uwanja wa kriketi. Maji bado yapo, yametulia, yanang’aa. Bata wamehamia. Jozi ya batamaji weupe inazunguka pale palipokuwa na wiketi, vile vijiti vya kulengwa kwa mpira. Akina mama wawili walisimama na vigari vya watoto wakasema pamependeza.

Hapo nikaelewa nilipokosea. Niliufungua mlango wa mfereji nusu tu.

Bonde hili lina magofu, lina daraja, lina kinu. Halina ziwa. Ukichimba mtaro mdogo kutoka mferejini, maji yatafika hadi ukuta wa kanisa, na wageni wataingia ibadani kwa mashua. Koleo nimeshaazima, na sharti halikutaja udongo. Kasisi nitamwambia ziwa likishajaa.