Suruali Iliyokatwa kwa Mshahara Mnono

Kwa Meneja wa Wafanyakazi,
Kampuni ya Kufunga Mitandao ya Kompyuta.

Ndugu Meneja,

YAH: MSHAHARA WA FUNDI WENU MPYA, AMBAYE NI MKWE WANGU MTARAJIWA

Baada ya salamu, na baada ya kunywa maji ili nisianze kwa ukali, naomba uyasome haya ukiwa umekaa.

Mimi ni fundi cherehani, mwenye duka dogo la ushonaji pembeni ya benki. Sina kinyongo na kampuni yako. Hata hiyo intaneti mnayoisambaza siitumii, simu yangu ni ya kubonyeza na inanitosha. Lakini binti yangu amechumbiwa na kijana aliyeanza kazi kwenu mwaka huu, fundi mitandao. Hapa mtaani wanamwita Ngazi, kwa sababu tangu mmwajiri hajaonekana bila ngazi begani. Tulikubaliana harusi ifanyike mara tu atakapoanza kupokea mshahara. Ameshaanza kupokea. Harusi bado, kwa kuwa hicho anachopokea tumekigeuza mbele na nyuma, na mimi kama mzazi nimekataa kukiita mshahara. Binti amekonda kwa kungoja. Najua, kwa sababu ni mimi ninayempunguzia magauni, na roho inaniuma kila nikishika mkasi.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kipeperushi cha chuo alichosoma kilisema kwamba wahitimu wa mitandao huanza kazi kwa mshahara mnono. Nilikisoma mwenyewe, nikiwa na miwani. Sasa Ndugu Meneja, sisi mafundi tunajua pesa inavyoingia mwilini. Mteja akipata kazi nzuri, mwaka hauishi kabla suruali haijambana, na fundi mwenye akili humwachia nafasi mapema. Basi suti ya harusi nikaikata kwa kipimo cha mshahara ule. Siku ya kumjaribishia, kijana aliinua mikono nimpime koti, suruali ikashuka hadi magotini mbele ya wateja watatu, mmoja wao mama mchungaji. Utaniambia kwamba suruali pana hupunguzwa. Kupunguza najua, ndiyo kazi yangu. Lakini nikiipunguza nitakuwa nimekubali.

2. Kijana alipoomba aongezewe, ofisi yako ilimjibu kwa barua kwamba mtu mpya hana uzoefu, kwanza ajifunze. Nimelikumbuka tangazo lenu la kazi. Lilitaka mtu mpya mwenye uzoefu wa miaka mitatu! Jambo hili nimelifikiria nikipiga pasi hadi nikaunguza kola ya mteja, na kola hiyo nimeilipa mimi. Yaani wakati wa kumpandisha darini ni fundi kamili, na wakati wa kumlipa ni mwanafunzi. Mtu akifanya kazi nzima, alipwe mshahara mzima. Sioni ugumu uko wapi hapo.

3. Ngazi ya kampuni inalala kwangu, kwenye korido, kwa sababu nyumba yangu iko karibu na kazi zenu nyingi. Majirani wanakuja kuiazima wabadilishe balbu, nami nawakatalia kwa niaba yenu. Hivyo nimekuwa mtunza stoo wa kampuni bila barua ya ajira. Hili silidai. Nalitaja tu.

4. Mwezi uliopita mtandao wa benki ulikatika. Foleni ilitoka ndani, ikapita dirishani kwangu, ikafika kwa fundi viatu. Watu walikuwa wanafoka, mzee mmoja amekalia kitambaa changu cha pazia. Nani aliitwa? Ngazi. Akapanda darini, akatambaa huko juu tukisikia magoti yake, akaukuta waya uliogugunwa na panya, akaukata na kuuunga upya, akashuka na utando wa buibui nywelani na shati limechanika begani. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, sitaficha, nilijisikia fahari kama nimemzaa mwenyewe. Kisha nikapiga hesabu kidogo, na damu ikanichemka: kila mtu kwenye foleni ile aliondoka na pesa nyingi kuliko yeye. Shati nimeliweka kiraka bure.

5. Tangu aajiriwe kwenu, ukoo wetu wote unaamini kwamba intaneti ni yake. Kaka yangu, yaani mjomba wa bibi harusi, anamtaka ashushe bei ya bando. Shangazi yake anamwita kila televisheni ikiandika maandishi asiyoyaelewa. Juzi ameitwa kutengeneza jiko la gesi, eti nalo lina waya. Hawezi kukataa, yeye ni mchumba na bado anajipendekeza. Kwa hiyo anafanya kazi mbili, moja ya kampuni na nyingine ya cheo mlichompa. Cheo ni chenu, basi na gharama yake ni yenu.

6. Sasa nafika kwenye ombi lenyewe, na hapa naomba uvumilivu wako.

Naomba kijana apandishiwe mshahara mpaka suruali imkae bila mkanda. Ili kusiwe na ubishi juu ya kiwango, naiambatanisha suruali yenyewe. Kama bajeti ni finyu, mpeni cheo ambacho mwenye nacho hushiba. Na kama cheo hakuna, basi inabidi niseme lililo moyoni. Ulipita dukani kwangu wiki iliyopita kutazama vitambaa, ukaondoka bila kununua. Sikukusumbua, ila jicho la fundi halikai bure. Kiuno chako nilikikadiria palepale, na usiku sikulala kwa kugundua kwamba suruali ya Ngazi inakutosha wewe sawasawa, hata pindo. Hii ina maana kwamba kipeperushi hakikudanganya. Mshahara niliokuwa nikiukatia kitambaa upo, tena upo hapohapo kwenye kampuni yenu, ila umekaa kwa mtu mwingine.

Ninachopendekeza ni haki na ni rahisi: mbadilishane. Wewe uchukue ngazi kwa muda wa kipindi cha majaribio, yeye akalie kiti chako mpaka anenepe. Ukiona darini kuna vumbi, njoo nitakushonea ovaroli kwa bei ya jirani. Ukikataa, sitakuwa na njia ila kukutaka usimame siku ya harusi mahali pa bwana harusi, maana wewe ndiye unayeenea kwenye suti. Sikwambii umuoe binti yangu, kwani nasikia una mke. Usimame tu.

Nangoja jibu lako kwa heshima zote. Nisalimie mkeo, katibu muhtasi wako mwenye sauti nzuri ya simu, mlinzi wa getini aliyenizuia kuingia na suruali mkononi, na mafundi wote walioko darini wakati ukisoma barua hii.

Wako anayekata na kushona,

Mama Mkwe Mtarajiwa

Nyongeza: Sehemu hii naiandika kwa mkono wangu, uniwie radhi kwa mwandiko. Yote ya juu nilikuwa nikiyatamka tu, akiandika fundi wangu mpya, mama mwenzangu mtu mzima aliyeacha kuuza mboga akaja kwangu kuanza ushonaji. Tulipomaliza aliweka kalamu chini, akarudi kwenye namba mbili, ile ya kazi nzima mshahara mzima, akaisoma upya kwa sauti. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, itaanza lini kutumika hapa dukani, maana sare za shule anazoshona nauza kwa bei ileile ninayouzia zangu, na yeye namlipa nauli na chai. Nikamwambia ushonaji ni jambo tofauti. Nikamwambia pia mtu mpya kwanza ajifunze. Binti yangu alikuwepo na mchumba wake, wote wawili wakaanza kutazama dari. Baadaye binti akasema kwamba yeye na Ngazi hawakuwahi kungoja mshahara, walikuwa wananingoja mimi, na wangependa kuoana mwezi ujao hata akivaa ovaroli. Nimekubali, ningefanyaje. Kwa hiyo suala la mshahara wa kijana liache kwanza, na suruali siiambatanishi tena. Lakini ile barua yenu ya kueleza kwa nini mtu mpya alipwe kidogo, tafadhali niletee nakala leo hii, ikiwezekana ile ndefu, kwa sababu mimi nilikuwa na sababu mbili tu, zimeisha, na huyu mama bado amesimama mbele yangu anangoja ya tatu.