Ziada Isiyo na Suruali

Diski ya ile filamu ya bwana harusi aliyechanika suruali imeingia dukani kwa mjomba, na kwenye jalada wameandika kwa rangi nyekundu: ZIADA, SAA MBILI NZIMA! Jana mchana benchi letu lote la kahawa lilihamia ndani kuitazama. Leo asubuhi limerudi nje na hasira zake.

"Saa mbili za wizi!" alianza Spika, kinyozi ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. "Ziada gani ile? Mwongozaji amekaa kitini dakika arobaini anajisifu. Kasifu mpaka miwani yake!"

"Arobaini na tatu," alisahihisha Ushahidi, karani mstaafu wa mahakama. "Nilitazama saa. Kisha picha za mbwa wake, na mbwa mwenyewe hayumo kwenye filamu."

"Halafu tangazo la filamu hiyohiyo! Mtu keshanunua diski, unamtangazia nini tena? Ni kama nimalize kukunyoa kipara, halafu nikuulize, kaka, ungependa kunyoa?"

Benchi likacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa mlangoni pake, hatua tatu kutoka kwenye birika langu, anakunja kitambaa cha bluu cha suruali ishirini za kwaya. Yeye ndiye aliyeshona suruali ile ya filamu. Aliagizwa aishone ichanike bwana harusi akiinama kuokota pete, na watu walicheka mpaka machozi. Wakatoka sinemani wanaogopa suruali zake. Miezi minne sasa, mteja akija ni wa kuuliza, "Fundi, hii naruhusiwa kukaa?"

Tegemeo lake lilikuwa hiyo ziada. Walimhoji saa nzima mbele ya kamera, akaeleza kwamba mchaniko ulikuwa kazi maalumu. Kwenye diski hawakuonyesha hata kidole chake. Na mwalimu wa kwaya alikuwa njiani kuja kuchukua kitambaa chake, ampe fundi mwingine.

"Baada ya majina kuna—" nilisema.

"Mimi nawaandikia barua!" Spika akanguruma.

"Fundi," akasema Ushahidi, "una kielelezo gani kwamba uliishona ichanike makusudi?"

"Mzee wangu, nimeapa mara ngapi?"

"Kiapo si kielelezo."

"Jamani, yale majina yakiisha—"

"Mwache mwenzio, Ushahidi! Huoni anavyokunja hicho kitambaa kama anakunja sanda?"

Mwalimu wa kwaya akafika na mkoba wake mkubwa, akasalimia bila kumtazama Fundi usoni. Fundi akamnyooshea kitambaa kwa mikono miwili.

Nikaweka birika chini. Nikaingia ndani, nikawasha televisheni, nikaipeleka diski mbele mpaka majina yakaisha, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Jana wote walitoka majina ya waigizaji yalipoanza kupita. Mimi nilibaki nakusanya vikombe, na nilipotoka, Fundi alikuwa ameshafunga mlango.

Wakakimbilia ndani wote kuona kelele ni za nini. Kwenye kioo, bwana harusi anainama. Suruali nzima. Anainama tena. Nzima. Anachuchumaa, anaruka kichura, anatanua miguu mpaka anaanguka chali. Nzima! Mara ya tisa mwongozaji anafoka, "Fundi, si tulikuambia uishone ichanike?" Na sauti ya Fundi, huko nyuma ya kamera, nyonge kabisa: "Nimejaribu, bosi. Mikono inakataa."

Wakaleta wembe.

Duka zima likaangua kicheko. Mjomba alishikilia rafu asianguke.

"Kumbe ulitudanganya!" Ushahidi alimnyooshea Fundi kidole. "Miezi minne unaapa umeishona ichanike!"

"Niliona haya, mzee. Maisha yangu yote nimepewa kazi moja tu ya kushona vibaya, ikanishinda. Ningemwambia nani?"

Mwalimu wa kwaya aliomba kipande kile kirudiwe, kisha kirudiwe tena. Akafuta machozi, akamwekea Fundi kitambaa mikononi. "Ishirini, kama tulivyopatana. Ila kiunoni uache nafasi. Vijana wangu wanavuta pumzi hao!"

Spika akanigeukia, macho yamemtoka. "Mdogo wangu! Jambo zito kama hili umelikalia tangu jana? Si ungesema?"

"Nimesema, kaka."

"Lini?"

"Ulipokuwa unaongea."