Taarifa ya Kamati ya Ufunguo wa Drili

Ninayo heshima kuutangazia umma wa bweni letu kwamba, kuanzia Jumatatu iliyopita, drili ya umeme ya shule haiwezi kumdhuru mtu yeyote, kwa kuwa haiwezi kutumika. Mafanikio haya ni ya Kamati ya Kudumu ya Usalama wa Drili, ambayo Mwenyekiti wake ni Mwalimu Mkuu na Katibu wake ni mimi.

Niliteuliwa kwa sifa. Makomeo sita ya milango ya bafu yalipotea, na uchunguzi ukayakuta chini ya godoro langu, yamepinda. Nilikuwa nimeyang'oa kwa utani, nikasahau kwamba na mimi huoga. Hukumu ilikuwa nifunge mapya sita kabla ya Jumamosi, siku ya wazazi, la sivyo shangazi yangu aitwe ofisini. Shangazi ni seremala. Amenilea kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika nyundo.

Hapo awali ufunguo wa drili, ule wa kukazia biti, yaani chuma cha kutobolea, ulifungwa kwa kamba kwenye waya, karibu kabisa na plagi. Fundi wa shule ndiye aliyeufunga hivyo. Ukiutaka ufunguo, mkono unakutana na plagi kwanza, unaichomoa. Mwaka jana Mwalimu Mkuu aliikata kamba ili drili ipendeze pichani, akausahau ufunguo kichwani mwa drili, akawasha. Ufunguo uliruka ukavunja kioo cha picha yake ukutani. Ripoti ilisema uliruka kwa hiari yake.

Kwa hiyo Kamati iliazimia ufunguo ukae mfukoni mwa Mwenyekiti, na anayeuhitaji ajaze fomu. Fundi aliomba kamba irudishwe.

"Hiyo kamba ina muhuri?" Mwenyekiti akauliza.

"Haina, mwalimu. Ina fundo."

Ombi likakataliwa. Niliandika azimio hilo kwa mwandiko wangu mzuri na kulipigia mstari mara mbili.

Sasa, kila komeo linataka biti mbili: nyembamba ya matundu ya skrubu, na nene ya tundu la kwenye mwimo wa mlango, ambamo ulimi wa komeo huingia. Kila ukibadilisha biti, fomu. Kila ukipeleka fomu, unaambiwa Mwenyekiti yuko kikaoni. Nilisubiri siku mbili kabla ya kugundua kwamba kikao chenyewe kilikuwa cha Kamati yetu, na Katibu alikuwa mimi.

Ijumaa jioni nilikuwa nimefunga komeo moja tu, tena kwa biti nyembamba peke yake, iliyokuwa imebaki kwenye drili. Nilijiambia, kiofisi, kwamba tundu jembamba ni tundu nene ambalo halijapata idhini.

Jumamosi asubuhi, wazazi wakiwa wameanza kuingia, Mwalimu Mkuu alikuja kukagua. Aliingia bafuni, akafunga mlango, akausukuma ulimi wa komeo kwa nguvu zote za madaraka yake. Ukaingia. Haukutoka.

"Katibu," sauti ikasema kutoka ndani.

"Naam, Mwenyekiti."

"Lete drili upanue hilo tundu."

"Biti nene inahitaji ufunguo, Mwenyekiti."

"Basi uchukue."

"Uko mfukoni mwako."

Nikamsikia akijipapasa mifuko. Halafu akasema, taratibu kidogo, "Una fomu?"

Nilimpitishia fomu chini ya mlango. Alikuwa anaomba kalamu wakati shangazi yangu alipotokea koridoni na mkoba wake. Hakuwa ameitwa na mtu. Alikuwa ananitafuta tu.

"Nani yumo humo?"

"Mwalimu Mkuu, shangazi. Anasaini fomu ya ufunguo ulio mfukoni mwake."

Aliinama. "Mwalimu, hiyo karatasi kaa nayo. Nipe ufunguo."

Ufunguo ukateleza nje. Shangazi aliichomoa plagi kabla hata ya kuigusa drili. Akaitoa biti nyembamba, akatia nene, akaikaza kwenye matundu yote matatu ya kichwa, akautoa ufunguo. Kisha akatazama sakafu.

"Kausha hapa. Maji na umeme hawakai nyumba moja."

Nilikausha kwa sweta langu, lenye beji ya Kamati.

"Na huu ufunguo kamba yake iko wapi?"

"Haikuwa na muhuri, shangazi."

Alinitazama hadi beji ikaniwasha mkononi. Kisha akaugeukia mlango. "Mwalimu, umevaa tai?"

"Ndiyo, mama."

"Ivue, unipe. Kisha rudi nyuma kabisa, usimame kwenye kona, uso ukutani."

Mamlaka ya juu kabisa ya shule yetu ilikwenda kusimama kwenye kona. Nilizijua zile hatua. Mimi huzitembea kila wiki. Tai ikapita chini ya mlango, ya hariri, yenye nembo ya shule. Shangazi akaufunga ufunguo kwa tai ile kwenye waya, kando ya plagi, mafundo mawili. Ndipo akachomeka, akatoboa mwimo kutoka nje kwa utulivu, na ulimi ukalegea.

Mwalimu Mkuu alitoka shingo wazi. Wazazi kumi na mmoja walimpisha.

"Katibu, andika. Komeo lilijifunga kwa hiari yake."

"Nimeandika."

"Na kamba ya ufunguo imeidhinishwa."

"Na tai, Mwenyekiti?"

Aliitazama ikining'inia kwenye waya, nembo ikiwa juu.

"Hiyo ndiyo kamba. Angalau ina muhuri."

Shangazi alikuwa bado ameishika drili. "Sasa," akaniambia, "hebu nieleze makomeo ya zamani yalikwenda wapi."

Nilimwomba ajaze fomu.