Mlango wa Nyuma wa Mama Beldina

Jumatatu, 3 Juni 1991

Mafunzo ya wakaguzi wa moto yameanza leo katika ukumbi wa kanisa, Kondele. Kiwanda chetu cha pamba kimeleta watu wawili, mimi na Nabwire wa stoo. Nafasi ya mkaguzi ni moja tu. Nimekaa mbele kabisa. Nabwire amekaa nyuma, karibu na dirisha. Nimeona hiyo ni dalili nzuri.

Mkufunzi ni Bwana Kangethe, mtu wa Nyeri, mpole, sauti ya chini. Ametuambia kwamba mkaguzi hazimi moto. Kazi yake ni kufika kabla ya moto. Nimependa sana. Kutembea na kofia, kuonyesha makosa ya watu, halafu kwenda kunywa chai. Ndiyo kazi niliyozaliwa nayo.

Nabwire ameuliza maswali mengi. Mimi nilikuwa natikisa kichwa tu, kama mtu aliyeyasikia hayo zamani.

Jumanne, 4 Juni

Mtihani wa vitendo ni Ijumaa. Tutakagua hoteli ya Mama Beldina, ng'ambo ya barabara, na kila mtu ataeleza hatari alizoziona. Bwana Kangethe anasema mkaguzi hodari huona kile ambacho wenzake wamekipita.

Nimeenda kula huko mchana, ili nianze kuona mapema. Msiba. Hoteli ni safi. Mtungi wa kuzimia moto umetundikwa ukutani, umejaa. Kuni zimewekwa mbali na jiko. Mlango wa nyuma unafunguka kwa kidole. Sijawahi kukutana na mwanamke mwangalifu kiasi hicho. Nimekula ugali na omena kwa huzuni. Mtu atakuwaje hodari mahali ambapo hakuna kosa?

Jumatano, 5 Juni

Jibu limekuja nikinyoa ndevu. Kama hatari haipo, iletwe.

Nimemwomba Mama Beldina aniruhusu nipange kreti za soda nje ya mlango wa nyuma, Ijumaa asubuhi. Nimemwambia ni kwa ajili ya mafunzo. Akaniuliza, na mtu akitaka kutoka huko? Nikamjibu, nani atoke nyuma na mlango wa mbele upo? Akacheka, akasema nyinyi watu wa serikali mna mambo. Sikumsahihisha.

Wenzangu watakagua ndani. Nani atazunguka nyuma, kwenye majivu na maji ya kuoshea samaki? Ni mimi tu. Nitasimama pale, ninyooshe kidole, niseme kwa masikitiko: hapa watu wangekufa.

Nimefanya mazoezi ya masikitiko mbele ya kioo.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Kreti nilizipanga mwenyewe, mapema. Nilizipanga vizuri, za chini zikiwa zimejaa ili zisiyumbe. Nilijisifu.

Darasa lilikuwa ndiyo linavuka barabara tulipoona moshi. Mafuta ya kukaangia samaki yalikuwa yameshika moto jikoni. Wateja walitoka mbele, wengine na vikombe mkononi. Mama Beldina alitoka nao, akageuka, akatazama watu mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mama yuko wapi?"

Mama mkwe wake, Mama Seline, huwa anakaa kule jikoni akimenya njugu. Macho yake hayaoni vizuri. Ameuzoea mlango wa nyuma.

Nilizunguka mbio. Wengine walidhani nimejitolea. Nilipofika nilisikia mtu akigonga mlango kwa ndani. Hakupiga kelele. Aligonga tu, pole pole, kama mgeni anayebisha hodi.

Nikaanza kuvuta kreti. Hazikutoka. Chupa zikanikata vidole. Nilikuwa nalia nadhani, au ni moshi. Kreti ya mwisho ilipoanguka mlango ulifunguka, na yule mama akaniangukia kifuani akikohoa. Alinishika uso kwa mikono yake miwili.

"Erokamano, wuoda," aliniambia. Asante, mwanangu. "Mungu ndiye amekuleta."

Watu wakanipigia makofi. Nilitaka kuketi chini pale pale kwenye majivu.

Ndani, Nabwire alikuwa ameshafunika karai la mafuta kwa sinia na kuondoa kuni jikoni. Moto ulikuwa umekwisha.

Bwana Kangethe alikuja nyuma, akazitazama kreti. Akauliza kwa sauti yake ile ya chini ni nani aliyeziweka.

"Si ni huyu Bwana Ouma?" Mama Beldina akasema. "Alisema ni za mafunzo."

Makofi yaliisha.

Jumamosi, 8 Juni

Bwana Kangethe ameniita ukumbini. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu. Hakuyaomba.

"Ulisikia akigonga?" aliniuliza.

Nikasema nilisikia.

"Basi sina kingine cha kukufundisha wiki hii."

Cheti sikupata. Nimeruhusiwa kurudia mafunzo Agosti, kule Katito. Nabwire amepata chake. Nilingoja anicheke. Hakunicheka. Aliniuliza kama vidole vinauma, akanifunga kitambaa upya kwa sababu nilikuwa nimekifunga vibaya. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada, Mama Seline alimtuma mtu aniite nyumbani kwake. Anawaambia majirani wote kwamba mimi ndiye niliyemtoa. Mama Beldina amekaa pembeni, anajua, hasemi. Nadhani anamwonea huruma mama mkwe wake, si mimi.

Mama wa watu bado anakohoa. Nilikuwa nimeamua kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo. Akasema, "Kula kwanza, mwanangu." Akanitolea miiba ya samaki kwa vidole vyake, kwa kupapasa, asije mwokozi wake akakwamwa kooni.

Nilikula. Sikusema. Njiani nilitembea polepole sana, nikiusikia ule mlango.

Jumatatu, 17 Juni

Nabwire ameanza kazi ya ukaguzi. Kofia inamkaa vizuri, lazima nikubali.

Nimewaza sana wiki hii, kuliko wakati wowote maishani mwangu. Mtu lazima ajichunguze. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi: ni mlango. Mlango si kitu cha kuchezea. Sitagusa mlango wa mtu tena, naapa.

Nasikia mtihani wa Agosti utafanyika kwenye kinu cha unga, na Bwana Kangethe sasa anataka kuona jinsi tunavyowaokoa watu. Jana nilipanda gari hadi Katito kutazama mahali penyewe. Kuna mama anauza nyanya karibu na kinu, jina lake Magdalene, mtu wa heshima, mwenye umbo linaloonekana kutoka mbali.

Tumeelewana. Atazimia mimi nikipita. Sharti lake ni moja tu, kwamba nisimwangushe kwenye matope.