Koki Kubwa na Wageni wa Sheila

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Simu kutoka Meru! Wazazi wa Mwongera, yule kijana wa Sheila wangu, wanakuja Jumamosi kujua nyumbani. Sheila huyu huyu aliyepita mtihani wakati watoto wa mtaa wetu wa Wabera, wote, walikuwa wanalia. Mama Mwongera akaniuliza kwa upole kama ni kweli Isiolo maji ni shida. Nikamwambia labda kwa wengine. Kwangu unafungua mfereji tu. Hayakatiki!

Sijui nani alinituma.

Maji yetu ni ya mgawo. Jumatano na Jumapili, basi. Halafu mfereji wa sinki pale sebuleni unavuja kama pua ya mtoto. Wageni watanawa wapi? Kwa jagi na beseni, kama kwa jirani yangu Faiza? Hapana. Nimeshanunua mfereji mpya, shingo ndefu kama bata. Unang'aa mpaka unajiona uso.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Fundi Lokorio alikuja. Akasema kubadilisha mfereji ni kazi ndogo, lakini kwanza tufunge koki kubwa pale kwa geti, ile inayozuia maji ya plot yote, nyumba zetu zote. Akaigusa, akatoa mkono haraka kama ameshika sufuria moto. Eti koki hii imelala miaka mingi, ukiiamsha kwa nguvu itakufa. Ibadilishwe kwanza.

Faiza wa nyumba ya pili akatokea bila kuitwa. Akasema ndiyo hayo amekuwa akisema tangu Ramadhani, tukae kama plot tuibadilishe. Ili iitwe koki ya Faiza mpaka siku ya kiyama? Nikasema koki ni nzima, inataka tu mkono wa mama. Lokorio akacheka, akaenda zake Kipsing, kazi ya kisima. Atarudi Jumatatu.

Walipotawanyika nikaimwagia mafuta ya kupikia. Nikachukua spana. Ikazunguka! Nikafurahi. Ikazunguka tena. Na tena. Maji bado yanakuja tu. Nikakaza kidogo.

Kra!

Usukani wa koki ukabaki mkononi mwangu, shingo imekatika. Nikaangalia huku na huku. Hakuna mtu, ni mbuzi wa Faiza tu. Nikauficha ndani ya debe la unga.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Nimeamka na akili mpya. Koki ya nini? Siku isiyo ya mgawo bomba ni kavu. Kampuni ya maji yenyewe ndiyo koki yangu! Akili ya Sheila haikutoka kwa baba yake.

Faiza alipoenda kuswali nikaurudisha usukani mahali pake kwa gundi ya supaglu. Ukiuangalia huwezi kujua. Usiuguse tu.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Nimetoa mfereji wa zamani mwenyewe. Bomba kavu kabisa, kama nilivyosema! Ule mpya ukakataa kuingia. Mdomo wake ni mkubwa kuliko bomba. Nikakimbia dukani, nikaambiwa mwenye duka amesafiri, nirudi Jumatatu. Nikataka kurudisha ule wa zamani. Meno yake yameliwa na kutu, ukavunjikia mkononi. Vitu vya siku hizi! (Tuliuweka Sheila akiwa darasa la kwanza.)

Nimeziba bomba kwa gunzi la mahindi, nimelifunga kitambaa. Juu yake nimefunga shingo ya bata kwa waya, kwa ajili ya urembo. Mtu akitaka kunawa nitasema maji yanapashwa moto.

Sheila amenisihi tutumie jagi tu, mum, jagi lina ubaya gani? Mtoto ana digrii lakini hana maono.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Wageni walifika. Pilau, mbuzi, chapati, kachumbari. Mama Mwongera akautazama mfereji wangu, akasema eh, hata hotelini hajaona kama huo. Moyo wangu ukavimba kama andazi.

Baba Sheila akaanza kuombea chakula. Yeye akianza haoni mwisho. Alikuwa amefika kwa wasafiri na wajane, bomba likapiga mluzi.

Hapa kwetu kila mtu anaujua huo mluzi. Ni upepo unaokimbia mbele ya maji. Nje nikasikia Faiza akipiga kelele, "Maji! Maji yamekuja!" na mitungi ikigongana. Jumamosi! Nani alihamisha mgawo wa Jumapili bila kuniuliza? Na nyumba yangu ndiyo ya kwanza kutoka kwa geti.

Mama Mwongera akafungua jicho moja, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ile ni birika. Nikasema Amina. Baba Sheila akasema bado.

Gunzi likaruka! Likamgonga mjomba wa Mwongera kwenye kofia. Shingo ya bata ikaanguka kwenye kachumbari. Maji yakapiga ukuta wa pili. Sheila akaziba bomba kwa kiganja, sasa yakalowesha kila mtu sawasawa. Nikampigia Faiza kelele, "Mama Ahmed! Tunazama!" Naye, mama wa watu, akakimbilia koki.

Ndipo nikakumbuka supaglu.

Nikaita, "Usiguse!" Nilichelewa. Faiza akaingia na usukani mkononi. "Wallahi Mama Sheila, nimeshika kidogo tu, imekatika!"

Hapo Mungu alinijaribu. Nikautazama usukani. Nikawatazama wageni. Nikamshika Faiza bega, nikamwambia, "Pole, Mama Ahmed. Hakuna binadamu aliyekamilika."

Mama Mwongera akavua viatu, akafunga leso kiunoni. Akasema maji hayamwagwi hivi yeye akiangalia. Akaweka mtungi wetu chini ya bomba, kisha wa Faiza, mpaka wa plot yote, foleni inapita katikati ya sebule. Aliyesukuma alirudishwa nyuma. Jioni mgawo ulipokatika, akakamua leso yake, akacheka mpaka akakaa chini. "Ulisema hayakatiki, dada. Nilidhani ni maringo."

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mama Mwongera amepiga simu. Wanarudi Desemba na wazee, kuongea mambo kamili! Anasema nyumba ambayo mama yake hatishiki, hapo ndipo anataka mkwe. Nilijua.

Faiza ameleta mahamri na macho mekundu. Ahmednasir wake atanunua koki mpya, yeye peke yake, kwa sababu ya kosa la mama yake. Nimekataa. Akasisitiza. Nimekubali kwa shida.

Sheila alikuwa anachekecha unga wa chapati. Akapata vipande vya kutu, akaniangalia sana. Nikamwambia unga wa siku hizi unaongezwa madini ya chuma.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Lokorio amefunga koki mpya. Usukani mwekundu, mzuri. Ametukusanya plot nzima akatuonyesha: vidole viwili tu, polepole, na ikigoma usilazimishe. Alikuwa ananiangalia mimi, sijui kwa nini. Aliyevunja ni Faiza!

Vidole viwili. Hiyo ni koki ama kifuniko cha soda? Wageni wakirudi Desemba sitaki aibu ya koki iliyolegea.

Faiza ametoka kwenda kuswali. Naikaza kidogo.